Mwavuli Niliousahau Mezani

Ndugu Andongolile na ndugu Asegelile,

Leo nimeadhirika. Nawaandikia mapema, shati langu likiwa bado limelowekwa, ili mlisikie jambo hili kutoka kwangu kabla halijawafikia kwa njia ya soko. Kinamama wa Lupepo walikuwa mjini leo. Hadi kesho habari itakuwa imepanda na kushuka vilima vyote, na kila kilima kitaiongezea neno. Andongolile, ukimaliza kusoma mpelekee Asegelile kule Matwebe. Usimsomee mtu mwingine njiani. (Nakufahamu.)

Tulikaa benchi moja sisi watatu tukifundishwa Neno, kwa hiyo sitawaficha kitu. Bwana ni mwema, nina afya, nyumbani hawajambo, migomba imesimama vizuri. Mwenye matatizo ni mimi.

Mwanangu Lusekelo alioa miezi mitano iliyopita, mnajua. Mkewe ni Mwalimu Hilda, mtu wa Muheza huko Tanga, aliyeletwa na serikali kufundisha shule ya kijiji chetu. Binti mpole, ana sauti nzuri ya kuimba, na alasiri ndiye anayewafundisha kinamama kisomo cha watu wazima. Mama Lusekelo yumo darasani kwake. Juzi aliandika jina langu mlangoni kwa mkaa. Nilisimama nikalisoma mara tatu, na kila mara lilikuwa jina langu.

Desturi yetu mnaijua. Baba mkwe na mke wa mwanawe hawatazamani. Mmoja akitokea, mwingine anaacha njia. Na mnakumbuka pia kwamba mwaka jana nilisimama mbele ya kanisa nikasema kwa sauti kubwa kuwa woga huo umekwisha, na kwamba mbele za Mungu mkwe ni binti yako. Watu wakasema amina. Asegelile ukanipa mkono.

Basi tangu Hilda aingie katika nyumba yetu, kila nikimwona nafungua mwavuli. Kukiwa na mvua, sawa. Kukiwa na jua, nafungua vilevile. Wiki mbili zilizopita alinikuta njiani mahali pasipo na kona wala kichaka. Akapiga goti, akasema, "Shikamoo, baba." Mimi nikaingia katikati ya shamba la chai na mwavuli wangu, nikachuchumaa humo mpaka nikasikia hatua zake zimepotea. (Mwavuli ulikuwa umebaki juu ya chai, wazi, kama uyoga. Hilo sikulifikiria.)

Alhamisi mama Lusekelo akaniambia habari iliyonikata maini. Hilda ameandika barua ya kuomba kuhamishwa arudi kwao Tanga, na Jumatatu anaipeleka ofisi ya elimu.

Nikauliza kama hawakumweleza kuwa ni mila tu. Mke wangu alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua kichwa.

"Tulimweleza mimi na mwanao. Anasema mila hiyo alikusikia wewe mwenyewe ukiizika kanisani. Kama imekufa na bado unakimbia, basi unamkimbia yeye."

Nikatoka nje. Nimefundisha Neno miaka mingi, ndugu zangu, lakini sentensi ile ilinifundisha mimi.

Baada ya kuomba nikapata wazo. (Sisemi kwamba Mungu ndiye aliyenipa. Nisimsingizie.) Mtaa wa Bagamoyo, hapa mjini Tukuyu, imefunguliwa hoteli mpya ya chakula cha upesi. Mwenye nayo ni Bwana Seifu, mfanyabiashara, na ndugu zake wana hoteli kama hiyo hiyo Iringa na Mbeya. Jina moja, rangi moja ukutani, chakula kimoja: baga na chipsi. Wanasema ukila ya Iringa umekula ya Tukuyu. Humo hakuna jiko la ukoo wala kiti cha mkwe. Nikafikiri, desturi zetu zimeweka sheria za njiani, za kisimani na za nyumbani, lakini za mahali pale hawakuzijua wazee wetu. Jumapili baada ya ibada nitamwalika Hilda tukae meza moja, nimtazame usoni, nimwombe abaki.

Lakini baga sijawahi kula maisha yangu. Nikajiona mbele ya binti yule na chakula nisichojua kinaanzia wapi. Nikaamua Jumamosi niende kwanza peke yangu, nijizoeze.

Ndiyo maana leo asubuhi nilipotoka shamba la kijiji nikaoga, nikavaa shati la Jumapili, nikachukua mwavuli, nikashuka mjini. Ukungu ulikuwa mzito na manyunyu yalikuwa yameanza.

Pale hawaji kukuuliza mezani. Unaagiza mwenyewe kwenye dirisha dogo la jikoni, lina pazia fupi, unaona mikono ya mpishi tu. Nikainama nikamwambia Bwana Seifu kwamba ninahitaji ya kujifunzia. Akacheka, akaniambia nikae, kwa kuwa ni mara yangu ya kwanza ataniletea mwenyewe.

Kweli ilikuja upesi. Sijamaliza kuukunja mwavuli na kuulaza kwenye meza, sahani imefika. Nikaomba baraka. Nilikuwa na mengi ya kushukuru, na mengi zaidi ya kuombea, nikapitia mvua, taifa, wagonjwa, nyumba ya Lusekelo. Bwana Seifu ni Mwislamu mwenye adabu, akasimama amefunga mikono mpaka mwisho, akaitikia amina. Kisha akasema taratibu, "Mzee wangu, dua imekubaliwa, lakini chipsi zimepoa."

Chipsi hazikunisumbua. Ni viazi. Vimekatwa kama vijiti na kukaangwa, lakini kiazi cha Rungwe nakitambua hata kikivuliwa nguo. Vilikuwa vitamu mno. Nikajuta miaka yote niliyovila vya kuchemsha.

Baga ndiyo iliyonishinda. Ni mkate wa duara uliopasuliwa, ndani kuna nyama, nyanya, kitunguu na jani. Nikaona ni nyumba. Nikaanza kuila kama mtu anayebomoa nyumba: kwanza paa, halafu jani. Bwana Seifu akarudi mbio kutoka jikoni. Akanionyesha kwamba unaishika yote kwa mikono miwili, unaibana, unauma mara moja chini na juu.

Nikaibana. Nilibana kwa nguvu ya mtu anayeshika jembe. Nyanya ikatoka upande wa pili pamoja na sosi yake ikatua kwenye shati la Jumapili, hapa kifuani, palepale panapokaa kitabu cha nyimbo nikisimama kanisani.

"Usiiachie," akasema Bwana Seifu. "Ukiiachia sasa inamwagika yote."

Sikuiachia. Nikainama kuuma. Na hapo hapo mlango ukafunguliwa, wakaingia walimu watatu wakikimbia mvua. Wa tatu alikuwa Hilda.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipoharibu. Mwavuli ulikuwa mbele yangu, shibiri moja tu. Lakini mikono yote miwili ilikuwa imeshika baga. Nikiiachia chakula kinaanguka, chakula ambacho nimekiombea baraka ndefu kiasi kile. Miguu haikusubiri nimalize kufikiri. Nilinyanyuka, nikapita kando ya pazia, nikajikuta jikoni, baga mkononi.

Bwana Seifu akadhani nataka maji ya kufuta shati. Nikamwomba kwa kunong'ona aniache nisimame pale kidogo. Mtu mzima akikuomba hivyo humuulizi. Akaniangalia, akaangalia jiko lake, akaona mkaa unakwisha. Akaniwekea mwiko wa matundu mkono wa kulia, akaniomba nimwangalizie viazi visiungue, akatoka mlango wa nyuma kwenda stoo kufuata mkaa.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mpishi. (Baga nilikuwa nimeihamishia mkono wa kushoto. Nilikuwa nimeshazoea.)

Nikasikia hatua zinakuja dirishani. Zikasimama.

"Habari za kazi," sauti ikasema. Ilikuwa yake. Akaomba sahani moja ya chipsi.

Kulikuwa na viazi vilivyokwisha kuiva, vimechujwa. Nikavipakua, nikaisukuma sahani chini ya pazia, nikarudisha mkono upesi. Nilingoja aondoke. Hakuondoka.

"Pale mezani kuna mzee amesahau mwavuli," akasema.

Nikakoroga viazi.

"Ni mwavuli ninaoufahamu sana. Nimeolewa huku miezi mitano, uso wa mwenyewe sijauona ila Jumapili kwa mbali. Mwavuli wake ndio ninaouona kila siku. Una kiraka cha kaniki karibu na ncha. Naweza kuuchora." Akasogea karibu na pazia. "Mpishi, ukimwona mwenyewe, utamfikishia neno langu?"

Ndugu zangu, nilikuwa na nafasi ya kutoka mlango wa nyuma. Naikiri. Mlango ulikuwa wazi na mvua haikuwa kubwa. Lakini nilikumbuka lile jina langu kwa mkaa mlangoni, na nani aliyemfundisha mke wangu kuliandika.

"Yeye mwenyewe ameniachia ujumbe," nikasema.

Alishtuka, nikasikia sahani imegonga dirisha. Kisha akasema pole pole, "Amesemaje?"

"Amesema alisema uongo kanisani bila kujua. Alisema woga umekwisha. Kumbe umekwisha mdomoni, miguuni bado."

 Nikaendelea, maana nilijua nikisimama sitaanza tena.

"Amesema kwa watu wa hapa, mtu usiyemjali humkwepi. Unapishana naye tu kama unavyopishana na mbuzi. Anayekupisha njia nzima amekupa heshima yote aliyo nayo. Hana nyingine. Lakini amesema pia kwamba heshima inayomliza mtoto wa watu aliye mbali na mama yake, hiyo ameitengeneza vibaya."

"Kwetu," akasema Hilda, na sauti ilikuwa imebadilika, "mkwe asipoitikia shikamoo yako, amekukataa. Nilimwamkia barabarani akaingia kwenye chai. Nilirudi nyumbani nikajitazama kwenye kioo, nikatafuta nina nini usoni."

Hapo nilitaka kulia. Kwa kweli nilikuwa nalia. Na nikashangaa kwamba machozi ni mengi kuliko huzuni, na kwamba nakohoa pia.

Viazi!

Nilikuwa nimevisahau vya kwenye mafuta. Vilikuwa vyeusi kama mkaa aliokwenda kuufuata Bwana Seifu, na moshi umejaa jiko. Naye akaingia wakati huo huo, gunia begani. Ana sauti kubwa, mtu yule. Nadhani inasaidia kuuza.

"Mzee wa kanisa, baba Lusekelo, viazi vyangu!"

Akatupa gunia chini, na ili moshi utoke akalivuta pazia la dirisha akaling'oa lote.

Naomba mnione kama walivyoniona wao. Mkono wa kulia mwiko, mkono wa kushoto baga iliyoumwa mara moja. Sosi kifuani. Machozi mpaka kidevuni. Mbele yangu walimu, makarani wawili wa ofisi ya wilaya, na mama yule wa kwaya anayeimba sauti ya pili, ambaye jana tu nilimkemea kwa kuchelewa mazoezi.  Kisha karani mmoja akauliza kama siku hizi ibada ya Jumapili itafanyika jikoni, na hapo wakacheka wote, mpaka Bwana Seifu. Mama wa kwaya alicheka sauti ya kwanza.

Nami nikafanya kitu ambacho mtu mwenye akili asingekifanya. Nikageukia ukuta, nikafumba macho kama mtoto anayefikiri haonekani. Nilikuwa nimesema maneno mazuri yote yale, ndugu zangu, na bado shingo haikukubali kugeuka. Nikajua nimemkimbia tena, mbele ya watu, na sasa barua itakwenda.

Nikasikia kitu kinafunguka. Sauti ile naijua kama ninavyoijua sauti ya mlango wangu. Ni mwavuli wangu.

Watu wakaacha kucheka, mmoja baada ya mwingine.

"Toka, tata," Hilda akasema. Neno hilo la kwetu, yaani baba, atakuwa amefundishwa na mama Lusekelo. "Mimi niko nyuma ya mwavuli. Sikuoni."

Nikafumbua jicho moja. Alikuwa amesimama katikati ya hoteli, ameushika mwavuli wazi mbele yake, kiraka cha kaniki kikinitazama. Chini nikaona viatu vyake tu, vimelowa tope. Hakuna aliyemfundisha kufanya vile. Wazee wetu wote waliotunga desturi hawakuwahi kufikiria kwamba mkwe anaweza kumfungulia baba mkwe mwavuli.

Nilitoka. Nikakaa kwenye meza yangu. Naye akaja akauweka mwavuli wazi juu ya meza, ukasimama kati yetu kama ukuta, akakaa upande wa pili. Sahani ya chipsi akaisukuma chini ya ukingo wake, nusu kwangu nusu kwake.

Nikaomba baraka tena. Safari hii fupi.

Tulikula hivyo. Nikiona vidole vyake vinakuja, navuta mkono wangu. Akiona vyangu, anavuta vyake. Mara moja tulifikia kipande kimoja, tukakiacha wote, mpaka akasema, "Kula, tata, au tutakipigia kura?" Nikacheka. Ndiyo mara ya kwanza amenisikia nikicheka, na mimi ndiyo mara ya kwanza nimejua kwamba ana mzaha. Aliniambia kuwa alinitambua jikoni tangu neno la kwanza, kwa sababu sauti hiyo humsomea Neno kila Jumapili. Nikamwambia hata mimi nilijua kwamba amenijua. (Sikujua. Lakini nimeshaungama ya kutosha kwa siku moja.)

Kisha nikamwambia yale niliyoyapanga kuyasema kesho. Sikumwambia kwa ufasaha. Nilimwambia nyumba yetu itakuwa baridi akiondoka, na kwamba mama Lusekelo bado anasoma silabi moja moja na zimebaki nyingi. Nikamwambia sitamwahidi kwamba miguu itapona haraka, kwa kuwa ina miaka mingi, lakini akiniamkia nitaitikia, hata nikiwa ndani ya chai.

 Aliinuka akaenda dirishani akaomba chipsi za kumpelekea mama. Bwana Seifu akasema karatasi za kufungia zimekwisha. Sikuweza kuona, ila nilisikia mkoba unafunguliwa. Kisha pakiti ikaja chini ya mwavuli, imefungwa kwenye karatasi nyeupe nzuri yenye mistari, ikaanza kulowa mafuta mikononi mwangu.

"Mpelekee zikiwa za moto," akasema. "Mimi nina daftari za kusahihisha."

"Ndaga fijo," nikamshukuru kwa lugha ya kwetu.

"Marahaba nakudai moja, tata," akasema. "Ile ya njiani. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," nikasema, kwa sauti ambayo hata mama wa kwaya aliisikia.

Nilimwachia mwavuli, maana mvua ilikuwa imekolea na yeye ana daftari. Nikapanda kilima nimelowa, pakiti kifuani juu ya doa la sosi. Njiani watu wanne waliniuliza bei ya chipsi na kama nafanya kazi na Jumapili. Nikawajibu kwa upole, kwa neema tu.

Mama Lusekelo alikula akiwa amesimama, akasema viazi hivi vimependelewa. Zilipokwisha akainyoosha karatasi magotini, akaanza kusoma kwa kidole, kama anavyosoma kila kitu siku hizi, hata magunia ya mbolea. Alisoma "ku," akasoma "o," akasoma "mba." Neno la pili lilikuwa limeliwa na mafuta, halisomeki, lakini mwandiko ulikuwa wa mwalimu wake. Akanitazama. Nadhani alielewa zaidi ya alichosoma. Aliikunja karatasi akawashia moto wa chai, kisha akaniambia nivue shati alifue, na kwamba nilipokuwa nakuja amemwona Hilda anapita kule bondeni kwenye mvua na mwavuli, anaimba.

Kwa hiyo hiyo ndiyo habari yenyewe, ndugu zangu, na mkiisikia tofauti mjue imepitia Lupepo. Kesho nitasimama mbele ya kanisa nirekebishe neno langu la mwaka jana. Nawaomba msinicheke. Na ikiwa lazima mcheke, fungueni kwanza mwavuli.

Ndugu yenu katika Bwana,
Ambilikile